Picha Zisizo Mabawa

Baba hakuacha shamba. Aliacha bati la biskuti
na ndani yake picha thelathini na moja, zote za chumba cha rubani:
viti, mikono ya chuma, saa juu ya saa.
Hakuna bawa. Hakuna mkia. Hakuna jina.

Nje ilikuwa marufuku kupiga, mama alisema.
Askari wa uwanja akikukamata hutoa filamu
akaianika juani kama dagaa.
Ndani hakuna aliyekataza, maana ndani
huingia rubani na mfagiaji tu,
na ufagio wa Wawi alikuwa nao Baba.

Nikampelekea Sinani, fundi saa wa Chake,
mwenye meza upenuni mwa duka la vitambaa.
Akabandika kioo jichoni. Saa ni saa, akasema. Lete.

Kiti kimoja, pua nyembamba,
rubani peke yake kama imamu mihrabuni:
Rapide hiyo, mbao na turubai.
Ile ina usukani miwili, na kioo cha mbele
kimegawanywa na nguzo kama paji lililokunjwa:
Dakota. Tazama rangi ilivyochubuka
pale magoti ya wanaume yaliposugua.
Hii nyingine ilituchosha wiki nzima
mpaka tukaona mikono ya moto haiko chini,
imening'inia darini kama ndizi jikoni.
Otter! Sinani akapiga meza, skrubu zikaruka,
tukazitafuta mpaka adhuhuri.
Yenye herufi iliyogeuza mgongo, Antonov;
mbingu yake imepimwa kwa mita.

Nyuma ya kila picha kuna penseli ya Baba.
Si jina la ndege. Ni alichokifagia:
*Kipini cha nywele. Pipi mbili, moja imelambwa.*
*Matapishi, mgeni wa serikali.*
*Karafuu, punje kumi na mbili, chini ya kiti cha rubani. Nimenyamaza.*

Mwaka ule karafuu zilifungisha watu.
Sinani alisoma hiyo mara mbili, akanirudishia
bila neno, akaomba chai.

Ya thelathini na moja ikatugomea.
Tukaisimamisha, tukaipindua, tukaiweka juani.
Kipimo cha mwinuko: sifuri.
Kipimo cha mafuta: kimejaa.
Kwenye dira, pahala pa kaskazini pameandikwa qafu,
na kutoka Pemba, kaskazini na kibla ni njia moja,
hilo hata mtoto wa chuoni analijua.
Labda ya Misri, nikasema. Labda ya Waajemi.
Sinani hakujibu. Alikuwa ameganda kwenye saa.

Kumi na mbili iko chini, akasema. Sita iko juu.
Nikadhani ameishika picha kichwa chini.
Bwana we, hii saa ni ya kwetu.
Nani ameunda ndege huko kwao
ikaanza kuhesabu siku jua likichomoza?

Ndipo tukaona. Vioo ni vitako vya chupa.
Nyuso za saa, vifuniko vya kopo la maziwa,
kimoja bado kina kwato la ng'ombe.
Ubao, kreti la chai. Usukani, pendeleo la baiskeli
lililokatwa nusu.
Na kiti kile, ukikilinganisha na kopo,
hakimtoshi mtu mzima hata kwa tako moja.

Nyuma yake penseli imefifia, nikaipeleka mwangani:
*Vumbi la msumeno. Kiatu kimoja cha kushoto,*
*cha mwanangu.*

Sinani alikuwa na daftari, safu ya jina, safu ya injini.
Akangoja na kalamu. Hii niiandike ndege gani?

Sikumbuki. Naapa sikumbuki kukaa pale,
wala nani aliivunja, wala mbao zilikwenda wapi;
huenda zilipikia futari.
Kiatu nakikumbuka.
Kilikuwa kikinibana kidole kidogo.