Viti Arobaini

Somoe, picha nimeiona.
Meza moja ndefu chini ya mizeituni,
malimau yamekaa katikati kama wakwe,
vitambaa havikupigwa pasi, makusudi.
Pazuri. Sikatai.

Ila viti arobaini, mwanangu?
Shangazi zako wa Kitangari peke yao wanavijaza,
na wajukuu hatujawahesabu.
Nimekaa na daftari tangu alasiri:
nikamfuta Binti Nangomwa,
nikamrudisha.
Nikamfuta baba yako mdogo,
nikamrudisha na mkewe.

Bibi yako hana pasipoti.
Ofisini wamemuuliza alizaliwa lini,
akasema: mwaka ule ndoo ya maji hapa Newala
ilishinda bei ya kuku.
Karani kacheka. Hakuandika.

Malipo ya pili ya korosho bado.
Yakitoka nitakuja, mmoja,
kwa niaba ya watu mia tatu.
Niwekee kiti cha pembeni,
na pale mezani, sogeza malimau kidogo,
pawepo nafasi ya kilo mbili nilizobangua mwenyewe.
Zimeungua upande mmoja.
Bibi yako ndiye aliyekuwa akigeuza,
na alikuwa anakutaja.