Fomu ya Kifuta Jasho

Bwana wa wanyamapori alikuja na pikipiki,
matope hadi kwenye taa,
akauliza, kifuniko cha kalamu mdomoni:
mnyama gani, aliingia saa ngapi,
ameharibu ekari ngapi?

Ekari! Mimi nina matuta kumi na manne.
Nikamwambia aketi kwanza, jiwe lile limepoa.
Hapo ndipo nilipoanika michembe tangu Jumatatu.
Nusu ameitafuna, nusu ameikanyaga
ikawa unga kabla ya kinu.

Kiboko, ndiyo. Jike, na mtoto nyuma yake
anang'aa kama ndoo iliyofunikwa.
Niligonga sufuria. Hakukimbia.
Alinitazama kwenye mwanga wa simu
kama mtu uliyemkuta sebuleni kwako
naye anangoja umkaribishe.

Lakini andika na haya.
Ile nguzo inayochungulia majini,
pale mnandi anapokausha mabawa,
ndiyo kona ya shamba langu.
Ziwa lilipanda mwaka ule wa mvua zisizo na adabu,
likameza matete, likameza malisho yake huyo jike,
likaja hadi mlangoni pa choo cha Bugumba,
likakaa.

Mwanangu Kabula, mvua ndiyo iliyompa jina,
huipima shuleni kwa chupa iliyokatwa shingo.
Daftari lake lina Oktoba tupu
na Januari iliyovuka pambizo.
Fundichuma wa mtini kwetu amejenga upya,
matawi matatu juu ya kiota cha zamani.
Yeye hakujaza fomu.

Bwana akaandika: kiboko.
Akaniuliza jina. Nyanzobe, nikasema,
wa Kayenze, upande wa majini.

Palipoandikwa sahihi ya mlalamikaji
nikauliza kama hakuna mstari mwingine chini
wa yule jike,
maana naye amehamishwa kwake
na hajafikiwa na mtu mwenye kalamu.
Bwana akacheka, akaikunja karatasi mara nne,
akaitia mfuko wa shati,
pikipiki ikakataa kuwaka, tukamsukuma.

Usiku niliingiza ndani michembe iliyobaki,
nikailaza kitandani, upande wa mume wangu
aliye machimboni Geita.

Kabla ya jogoo, nyayo tena
kando ya tuta la mwisho, kubwa na ndogo,
zimejaa maji.
Nikainama na tochi.
Ndani ya ule mdogo
dagaa mmoja, hai,
anazunguka.