Sabini na Saba

Nilizikuta chumba cha uani, chini ya godoro.
Mpangaji aliyezisahau karudi kwao mwaka wa sita sasa.
Kisanduku kina namba sabini na nane,
nami kila nikihesabu napata sabini na saba.
Moja imepotea, na picha yake siijui,
kwa hiyo sijui ni jambo gani la maisha
ambalo karata zangu haziwezi kunitajia.

Maandishi yake hayanipiti kooni. Nimezipa majina mwenyewe.
Aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini: Popo.
Jengo linalopigwa radi, watu wakijirusha madirishani:
Mnara wa Simu.
Mwanamke anayemfumba simba mdomo kwa mikono mitupu:
Bi Nambunga, mweka hazina wa kikoba chetu.
Na yule kijana mwenye kifurushi begani,
macho mawinguni, kijibwa kikimrukia kisiginoni,
hatua moja tu kabla ya Shimo la Mungu,
huyo nilimwita Mume Wangu.
Nikacheka peke yangu. Kisha nikafunga mlango.

Asubuhi Newala huamka imejifunika ukungu.
Natandika kanga juu ya meza ya cherehani,
nachanganya, nakata, nafunua.
Ninunue maji ya dumu, au ningoje bomba?
Gurudumu.
Nanunua. Gurudumu ni la bauza, nani asiyejua?
Nimkatie Mwalimu Chilumba suti kabla hajalipa?
Vikombe vitano, vitatu vimemwagika.
Sikukata. Akapita na baiskeli bila salamu,
jioni akaleta nusu ya fedha.
Nikazishukuru karata,
ingawa nilijua mshahara umetoka siku ile.

Shoga yangu Asinati husema, shirki hiyo, Somoe.
Husema huku kavuta kigoda.
"Haya, basi niulizie na mimi. Gunia zangu nne
nizipeleke ghalani sasa, au ningoje mnada wa tatu?"
Ukatoka Mwezi: mbwa wawili wanaubwekea,
na kaa anapanda kutoka majini.
Tuliutazama hadi chai ikaota ngozi.
"Unasema nini?"
"Unasema usiku kuna kelele."
Akapeleka wiki ile ile. Mnada wa tatu, bei ikaruka.
Mimi hakunilaumu hata kidogo.
Alimlaumu kaa.

Leo sikuuliza la maji wala la korosho.
Alfajiri simu ilitetemeka kati ya mkasi na chaki,
namba ngeni, maneno matatu:
*Nipo Mtambaswala. Nije?*
Miaka minane tangu avuke Ruvuma na robota la vitenge,
akisema Ijumaa.

Nikachanganya mpaka vidole vikauma.
Nikafunua.
Mume Wangu.

Nikairudisha, maana karata nayo hutania.
Nikachanganya upya, nikakata mara tatu, kwa mkono wa kushoto.
Popo. Hapana, Popo hajui kitu.
Nikamtafuta yule wa kwanza kwa makusudi,
nikamsogeza dirishani, penye mwanga.

Miaka yote hii nilidhani kijibwa kinamfukuza.
Tazama masikio yake. Tazama miguu ya mbele.
Hakimfukuzi. Kinamzuia.
Kinamwambia genge hilo, bwana, genge,
naye anatazama mawingu.

Na mimi, siku ile, nilibweka?
Nakumbuka kitambaa: bluu, cha sare ya kwaya.
Nakumbuka nilikuwa napiga pindo.
Alisimama mlangoni kitambo, robota begani.
Sikuinua kichwa.

Chaji asilimia tisa.
Nje mtoto anapiga hodi, zipu ya sketi imekatika,
kengele ya shule haimngoji.
Nazikusanya zote, sabini na saba,
nazifunga kwa lastiki.
Simu naiacha uso juu.
Ingia, mwanangu, kaa hapo.
Naanza na zipu.