Watoto wa Kabati

Nikifor seremala hakuwa na habari za mawe.
Alipima kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole cha kati,
akakata msonobari, akapiga randa,
watoto wa kabati mia tatu na sitini, kila mmoja na kitasa.
Hivyo ndivyo milima ya Urali ilivyopewa vipimo.

Maana barua ilitoka Petersburg kwa farasi wa posta:
*Akademia haipokei kinachozidi ngumi.*
Huko wakaisoma theluji ikiyeyuka,
wakashika nyundo.

Mimi ni mwandishi wa vibandiko.
Nina unyoya wa bata bukini, wino unaoganda Desemba,
na amri: nambari, mahali, aina.
Kwa Kilatini. Mistari mitatu, basi.
Niliuliza, na aliyeliona je?
Profesa alikipima kibandiko kwa ukucha.
"Nafasi haitoshi."

Aliyeliona ni Yanbirde, Mbashkiri wa mto Yuryuzan.
Alilamba udongo, akatema, akasema: shaba.
Mwenye macho haambiwi tazama;
mwenye kabati huambiwa pima.

Chini ya ua wa Shule ya Migodi wamechimba mgodi wa mfano.
Wavulana hushuka na mishumaa, maji ya Neva yakiwachuruzikia shingoni,
na kila Jumanne wanaugundua
mshipa uleule uliobandikwa kwa chokaa.

Lakini nisikufuru.
Bila kabati hili, jiwe la Altai na jiwe la Olonets
wangekutania wapi?
Usiku, nikihesabu, niliwaona wengi wanaofanana
kama watu wa ukoo waliosahauliana.

Na jana.
Nambari arobaini na moja: *kombe la baharini, nusu.*
Nambari mia mbili na saba, msafara mwingine, mwaka mwingine:
*mchezo wa maumbile.*
Nikazichukua zote mbili, sijui kwa nini, labda baridi,
nikazisogeza karibu na mshumaa.
Kingo zikashikana kama meno ya juu na ya chini.
Kombe zima. Bahari, juu ya mlima,
na katikati yake alama ya nyundo yetu.

Nilijaribu kulilaza kwenye arobaini na moja,
kisha kwenye mia mbili na saba.
Nikasukuma kwa kiganja, nikasukuma kwa goti.
Mtoto hakufungika.

Kumekaribia kucha. Nasikia buti za profesa ngazini,
na mimi bado nimelishika, zito,
sijaamua.