Taa B

Mimi ni fundi umeme, si tabibu.
Hospitali ya Mpwapwa, miaka kumi na minne:
nimefunga feni, nimefufua jenereta,
nimeokoa jokofu la chanjo usiku wa mvua ya mawe.

Ndipo yakaja maboksi mawili.
Daktari Ndahani akayafungua kwa wembe, taratibu,
kama afunguaye barua ya msiba.
Ndani, taa ndogo zenye shingo ya korongo,
mwanga wa buluu wa kumulika koo,
dakika tatu asubuhi, dakika tatu jioni,
kwa wale ambao kirusi kimewakaa kifuani.
"Huenda ukasaidia," alisema.
"Huenda. Ndiyo maana tunapima."

Nikacheka. Mwanga? Hapa?
Hapa ambapo jua ndilo zao pekee lisilokosa msimu,
linapasua visigino, linakausha mlenda juu ya bati kabla ya adhuhuri,
linasugua mfupa wa ng'ombe mpaka unageuka chaki,
leo mwanga tuletewe kwa stakabadhi?

Akasema: jua halichagui.
Hii inachagua. Au tunadhani inachagua.
Moja ina nguvu zake kamili.
Nyingine ni rangi tu, buluu ya kuazima,
haina dawa, haina dhara,
ipo ili mwenzake apate wa kushindana naye.
Ipi ni A, ipi ni B, hapa hakuna ajuaye, hata mimi.
Bahasha iko Dodoma mjini, ina lakiri.

Sasa, umeme hauna siri kwa fundi.
Siku ile ile niliweka kipimo kwenye waya:
A inakunywa kama punda wa safari,
B inalamba kama paka.
Nikafumba mdomo. Nikasaini posho.

Mwezi wa nane vumbi likasimama wima barabarani,
kila nyumba ikakohoa.
Mama akaletwa kwa bodaboda,
katikati ya dereva na dada yangu Wendo,
kafungwa kwa kanga asianguke.
Wakapiga kura, wakaandika kwenye fomu yake:
B.

Usiku nikaingia wodini na bisibisi.
Kitanda cha pili alilala Yaredi, mtoto wa shule, mwenye A.
Skrubu nne. Dakika mbili.
Sista Nyemo alikuwa ameenda kuchemsha maji.
Kijana akafumbua jicho moja:
"Fundi, kuna shoti?"
"Hakuna. Lala."
Bisibisi ikawa nzito kama mchi.
Nikairudisha mfukoni.

Asubuhi mama akaachama mbele ya ile taa,
kinda mbele ya mdomo mtupu.
"Mwanangu, hii yangu inafanya kazi?"
"Inawaka, mama."
Nilisema kweli tupu,
na ile kweli ikaniunguza ulimi.

Yaredi alitoka siku ya saba.
Mama, siku ya kumi na moja.
Hizo siku nne ni za mwanga,
au ni za miaka kumi na sita mbele ya sabini na moja?
Au ni oksijeni, uji wa uwele, ubishi wake wa kuzaliwa?
"Watu wawili si hesabu," alisema Daktari,
nilipomweleza habari ya kipimo na waya.
Akavua miwani. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari.
Hakunisomea.

Majibu hayajarudi kutoka mjini.

Leo nimemkuta mama uani,
ungo mapajani, uwele haujapepetwa.
Ameinua uso, amefumba macho,
mdomo wazi kabisa, ukielekea jua la saa nne.
"Mama, unafanya nini?"
Hakugeuka.
"Hili," akasema, "halina B."