Maji Yasiyoondoka

Vioo vya Tsuru vimeota ukurutu.
Kwa mbali wadhani ni vumbi la Caborca;
ukipitisha kidole, kidole hurudi kisafi
na madoa yapo palepale, yanakutazama.

Nimeanza na sabuni. Sabuni imetoa povu, basi.
Nikachukua gazeti la juzi, nikasugua
mpaka bei ya zabibu ikahamia viganjani mwangu.
Chayo wa duka la matairi akapita, akasimama,
mikono kiunoni kama aliyeitwa kutoa hukumu:
"Dawa ya meno."
Shemeji yake, nyuma yake: "Wembe."
Wembe nimeukataa. Mkwaruzo ni doa lisilo na toba.

Mnunuzi anakuja saa tisa kutoka Altar,
Bwana Librado, mtu wa maneno ya kuhesabu.
Kwenye simu aliuliza injini, akauliza matairi,
akanyamaza kidogo,
kisha, "Na vioo?"

Siki, basi. Siki nyeupe, ile ya kuchachulia vitunguu.
Gari nimelisukuma hadi kivulini mwa ukuta,
maana juani siki hukauka kabla haijauma.
Nimelowesha taulo kuukuu, nikalibandika kiooni
kama kitambaa kwenye paji la mwenye homa,
nikakaa juu ya kreti, nikahesabu dakika kumi.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyesema hakuwahi kuchota kisima chetu.
Yetu hayazoleki, na wala hayaendi.
Jua likiyala, huacha mifupa.

"Unasugua kama sufuria," mama amesema toka mlangoni.
Nami, kwa sauti ya mwenye mali:
"Nani aliliacha gari likawa hivi?"
"Liliachwa? Nililiosha kila Jumapili.
Miaka minne. Baada ya misa, kabla ya maharage.
Ndoo mbili, siku za upepo tatu.
Sikutaka urudi ulikute chafu."
"Ukalikausha?"
"Jua lina kazi gani?"

Sikujibu.
Hesabu imejifanya yenyewe kichwani:
Jumapili mia mbili na nane.
Mimi Yuma, mgongo umepinda juu ya letusi,
nikituma pesa na kusahau kupiga simu;
yeye hapa na ndoo yake,
tone juu ya tone, chokaa juu ya chokaa,
akiandika kiooni asijue kuwa anaandika.

Nimebandua taulo. Utando umelegea,
unatoka kama ngozi ya maziwa.
Nikaongeza pamba ya chuma, ile laini kabisa
ambayo seremala hung'arishia vanishi,
kwa viduara vidogovidogo, kioo kikiwa chapachapa,
bila hasira. Hasira huchubua.
Mkupuo wa kwanza umeondoa miaka, sijui mingapi.
Wa pili, nikauona usukani.
Wa tatu, nikamwona mama upande wa pili,
mfupi kuliko nilivyomwacha,
akigonga kioo kwa ukucha
kunionyesha pembe niliyoiruka.

Saa tisa kasorobo.
Vioo vyote viko wazi hata vinatia aibu:
sasa kiti kilichochanika chaonekana.
Nimeingia ndani kunawa mikono,
ndipo nikasikia mpira wa bomba unakohoa uani.

"Mama!"
"Nalisuuza tu. Linanuka achari."

Nimetoka mbio na kitambaa kikavu.
Yeye yuko mbele, anamwaga, anacheka,
jua nalo limeshainama juu ya matone.
Kona ya pili, lori la Librado linapiga honi.
Na angoje.
Ninamfuata mama nyuma, dirisha kwa dirisha,
nikiyafuta maji
kabla hayajakata shauri kubaki.