Maneno Yasiyozidi Mia Tano

Fomu inataka jina kama lilivyo kwenye cheti.
Riziki Khatib Makame. Cheti kimeandika Rizik,
na kwa irabu moja aliyoidondosha karani
nimekula kiapo mahakamani Wete, shilingi elfu kumi,
kwamba mimi ni mimi.

Kisha alama za shahada ya kwanza. Kisha wadhamini.
Mwalimu mkuu kaniandikia mistari mitatu:
Hachelewi. Hana makuu. Madaftari yake safi.
Nilicheka, halafu nikaikunja taratibu,
maana hajapata kumsifu mtu kwa zaidi ya mstari mmoja.

Kisha kisanduku cheupe,
kitupu kama jamvi kabla ya kuanikwa kitu:
Kwa nini unaomba uzamili wa saikolojia ya shule?
Eleza kwa maneno yasiyozidi mia tano.

Naandika: Tangu utotoni nimekuwa na ari.
Nafuta. Utotoni nilikuwa na ari ya kengele ya saa nne.

Naandika: Skuli yetu ya Konde ina wanafunzi elfu na mia mbili,
mwalimu wa ushauri nasaha mmoja, ambaye ni mimi,
na ofisi yake ni stoo ya majembe.
Hili naliacha.

Halafu Faki anaingia, kama alivyoingia siku ile,
kofia mkononi, nyuma yake mwalimu wa hesabu:
"Huyu hana kitu kichwani. Mpime."
Kipimo nilichokuwa nacho ni kijitabu kimoja
walichokiacha wageni wa semina, wakawahi boti ya asubuhi.
Ukurasa wa sita: nyumba ya paa la mteremko, ua, maua.
Kinakosekana nini katika picha hii?
Jibu, kwa mujibu wa kitabu, ni bomba la moshi.
Faki aliitazama mpaka nikasikia mbuzi wa jirani wakitafuna.
"Watu," akasema.

Sifuri. Nimeandika mimi. Mkono huu.

Mama yake akaniuliza kama ni upepo,
kama ampeleke Mtambwe akasomewe.
Nikamwambia, msomee, dua haimdhuru mtu.
Sikumwambia kuwa ba na da zinamgeukia mwanawe,
kwa sababu nilikuwa bado sijui.

Msimu ukaingia. Madarasa yakabaki nusu.
Nikapita kwa mjomba wake jioni, uwanja mzima karafuu,
wachumaji wamejipanga na mapolo yao,
na Faki juu ya ndoo iliyopinduliwa, bila kalamu, bila karatasi,
anamtajia kila mmoja chake:
pishi saba na nusu, toa ya juzi, toa ya sukari.
Bi Mize, aliyekwisha kulizwa na vipimo vya watu,
alihesabu noti zake mara mbili
akasema, "Sawa, baba,"
akazifunga kwenye pindo la kanga.

Nitayaandikaje haya kwa kamati ya ng'ambo ya maji
isiyojua pishi ni nini?
Nahesabu: mia tano na kumi na moja.
Naondoa *kwa unyenyekevu mkubwa*. Naondoa *hatimaye*.
Naondoa *mtaalamu*, mara zote nne.
Mjomba namwacha. Ndoo naiacha.
Sifuri nilikuwa nimeiruka; nairudisha,
na sasa inaingia pale pale, haijazidi hata neno.

Saa tano na dakika arubaini usiku. Mwisho ni saa sita.
Simu nimeitundika dirishani, ndiko mtandao unakopatikana.
Cheti kimepanda. Kiapo kimepanda. Mistari mitatu imepanda.
Imebaki picha. Masharti yake:
uso wazi, nyuma peupe, asionekane mtu mwingine.

Naitazama kabla sijaipandisha.
Riziki, kwa irabu zake zote, na ukuta.
Sijauliza kitu, lakini Faki ananijibu.

Nabonyeza Wasilisha.
Kiduara kinazunguka,
kinazunguka.